Kitabu Nilichokisahihisha Kikaja Kunifukuza Nyumbani

Vijana wangu, mnaosahihisha vitabu kwenye simu huku mkila mandazi, hamjambo. Nimeombwa niwaeleze kazi hii tuliifanyaje kabla mashine hazijaanza kupiga mstari mwekundu chini ya kila neno ambalo hazijawahi kulisikia. Nimekubali haraka, kwa sababu kuandika hakunilazimishi kutoka nyumbani, na kiti changu kiko karibu na jiko.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Jumapili wenzangu wa mtaa wa Cibitoke wanashuka ziwani kutazama viboko. Mimi natazama sufuria, na sufuria haijawahi kunifukuza. Sasa fikirieni bahati yangu: nusu ya maisha yangu nimefanya kazi katika nyumba ya kuchapa vitabu iliyowafundisha wanawake wa nchi hii kukaa nyumbani, na ili wafundishwe vizuri, bila makosa ya chapa, ilibidi mimi nitoke nyumbani kila asubuhi. Sidhani kama kuna msomaji aliyekubaliana na vitabu vile kuliko mimi. Wala sidhani kama kuna aliyenyimwa nafasi ya kuvitii kuliko mimi.

Jina la nyumba ile sitaliandika. Mwenyewe amefariki, watoto wake wapo, na sipendi wageni wenye hasira. Sisi wafanyakazi tuliiita Mezoni, yaani nyumba kwa Kifaransa, na mwenyewe tulimwita Patron, yaani bosi. Jina lake la ubatizo lilikuwa Gaspari. Mezoni ilikuwa katika mtaa wa Asiatique, nyuma ya duka la vitambaa, na huwezi kuifikia bila kupita katikati ya majora ya vitenge. Ndiyo maana kila mwandishi aliyekuja kuleta kitabu cha kuwaonya watu juu ya tamaa ya vitu aliondoka na kitenge cha mkewe chini ya kwapa.

Patron alikuwa ametaka upadri. Akaacha seminari kwa ajili ya msichana, akamwoa, kisha akatumia maisha yake yote kuwaonya vijana wasikimbilie wasichana. Alifanya kazi serikalini kidogo, akachoka, akanunua mashine kuukuu ya misheni moja iliyokuwa ikibadilisha vyombo. Mwanzoni walichapa mialiko ya harusi na matangazo ya misiba. Baadaye akaanza kuandika vijitabu vyake mwenyewe, kwa Kirundi na Kifaransa. Kiswahili alikidharau, akikiita lugha ya kupatania bei, mpaka alipogundua kwamba mitaa ya Cibitoke na Kinama ndiko kuliko na watu wanaonunua vitabu bila kuomba wapewe bure. Hapo akatafuta watu wa Kiswahili. Ndivyo nilivyoingia mimi, msichana wa sekondari mwenye sauti ya kusoma na miguu isiyopenda safari.

Siasa yake ilikuwa rahisi kuielewa. Kitu kilichodumu kina sababu ya kudumu, na anayetaka kukibadilisha ndiye atoe maelezo. Alitaka serikali ndogo, baba mkubwa, hotuba fupi na sala ndefu. Aliwachukia wakomunisti, ambao sidhani kama aliwahi kukutana na hata mmoja, na watu wa semina za mashirika, ambao tulikutana nao kila mara kwa sababu matangazo ya semina zao walikuja kuyachapa kwetu.

Msicheke. Mtu yule alisomwa. Wakuu wa mitaa waliweka vijitabu vyake mezani karibu na muhuri. Mapadri na wachungaji, ambao walikuwa hawakubaliani hata juu ya maji ya ubatizo, walimsoma wote. Siku moja mbunge mmoja alisimama akatoa hotuba nzima kutoka katika kijitabu chetu bila kumtaja mwandishi. Sisi tulikasirika, tukataka Patron alalamike. Yeye alikuwa anatabasamu.

"Akinitaja watanipinga," alisema. "Asiponitaja watadhani ni mawazo yao."

Hiyo, vijana, ndiyo elimu yote ya ushawishi niliyoipata, na sijawahi kuona kitabu cha semina kilichoisema vizuri zaidi.

Aliyenifundisha kazi ni Papa Zakaria, mtu wa Uvira, ng'ambo ya ziwa, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa msahihishaji mkuu na ndiye aliyegeuza vitabu vya Patron kuwa Kiswahili. Wakati ule tulisahihisha wawili wawili. Mmoja anasoma kwa sauti kutoka maandishi ya mwandishi, mwingine anafuata kwa penseli kwenye karatasi za majaribio, zile tulizoziita epreve. Msomaji hasemi "mkato" wala "nukta". Anagonga meza: mara moja kwa mkato, mara mbili kwa nukta. Mtu akipita nje alidhani ndani kuna seremala anayehubiri.

"We, Jeneroza," Papa Zakaria aliniambia wiki ya kwanza, "uko unasoma ama uko unaelewa?"

"Naelewa, Papa."

"Njo kosa lako. Mutu akielewa, macho inakimbia mbele. Usielewe. Soma kama mutu anatafuta chawa mu nguo." Kwao "njo" ni "ndiyo" yetu.

Basi, mkitaka siri za kazi, chukueni hizi, bei yake nilishailipa. Wekeni rula chini ya mstari ili jicho lisiruke. Msisahihishe na njaa, mtaruka kurasa. Msiamini herufi kubwa: kosa dogo hujificha kwenye maneno madogo, lakini kosa kubwa hukaa kwenye kichwa cha habari, limekunja miguu, likijua hakuna atakayelitazama. Kalenda yetu ya Utaratibu, iliyotundikwa katika nusu ya maduka ya mji, mwaka mmoja ilitoka na Jumapili mbili zimefuatana. Tuliikagua wote. Tulitazama picha, maneno ya hekima, hata jina la mchapaji. Siku zenyewe hakuna aliyezitazama, maana nani atasahihisha wiki? Wapagazi wa soko la Kinama walikuja mpaka mlangoni kumshukuru Patron.

"Mungu akubariki, Muzee," walimwambia. "Wengine wanasema tu juu ya mapumziko. We umeandika."

Patron aliwajibu kwa heshima, akafunga mlango, akazihesabu siku zote za kalenda kwa kidole.

Baada ya miaka mibaya, ile mnayosimuliwa nyumbani kwa sauti ya chini, vitabu vyetu viliuzwa kuliko wakati wowote. Watu walitaka kitu ambacho hakisogei. Patron aliamini kwamba yote yaliyotupata yalianza siku vijana walipoacha kuwaogopa wazee, na aliandika kitabu cha kusema hivyo. Papa Zakaria alikuwa anakigeuza Kiswahili, akaweka penseli chini.

"Patron, nitaandika. Njo kazi yangu. Lakini wale walitoa amri hawakuwa watoto."

Patron alimrudishia penseli. "Andika, Zakaria," akasema. Kitabu kikatoka kama kilivyo. Lakini nataka mjue kwamba mazungumzo yale yalifanyika, na kwamba aliyeyaanzisha hakufukuzwa kazi. Nimewaona waajiri wenye mawazo mapya kabisa ambao kwao angefukuzwa kabla ya chai.

Kitabu kilichouzwa kuliko vyote kilikuwa kile cha urithi na utaratibu wa nyumba. Kilikuwa chembamba, kinaingia mfuko wa koti. Kilieleza baba akifa nani anakalia kiti chake, nani anagawa, nani anapewa. Mabinti hawakupewa, binti ana nyumba ya mumewe. Niliusoma ukurasa ule kwa sauti, nikagonga meza panapostahili, nikaenda zangu kula maharage. Wakati ule nilikuwa na mume.

Kisha nikawa sina. Mume wangu alifariki kwa ugonjwa, hatukujaliwa mtoto, na ndugu zake wakanieleza kwa upole mwingi kwamba chumba changu kina mtu mwingine anayekisubiri. Nikarudi Cibitoke kwa baba, katika nyumba niliyozaliwa: vyumba vitatu, bati, ua wenye mpapai. Mama alishafariki. Nilimpikia baba, nikamwogesha alipokuwa hawezi tena, na asubuhi nikaenda Mezoni. Baba naye akafariki.

Kaka yangu Evariste alikuwa akipanga nyumba Kinama, na mke, watoto wengi na mabalo, yaani marobota, ya mitumba yaliyolala kitandani pamoja nao. Msimwone mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyebanwa. Matanga yalipokwisha alinijia jioni moja, akakaa karibu na jiko langu, akakataa chai. Evariste kukataa chai! Nikajua.

"Dada, mi sikukuja kugombana."

"Basi kunywa chai."

"Apana. Iyi nyumba ni ya baba. Baba ameenda. Mi ndiye mutoto mwanaume." Akatoa kitu mfukoni mwa koti. "Na si mi ninasema. Iko mu kitabu."

Kilikuwa kitabu chetu. Toleo la Kiswahili. Kilikuwa kimekunjwa pembe ya ukurasa ule, na jambo la kwanza nililoliona, Mungu anisamehe, ni kwamba gundi ya jalada ilikuwa imeshika vizuri.

Kesho yake kazini nilisoma vibaya mpaka Papa Zakaria akaninyang'anya karatasi. Nikamweleza. Akaniambia niende mahakamani, kuna wanawake waliokwenda wakapata. Nikamwambia mahakamani utarudi kesho, na kesho kutwa, na mwezi ujao, mimi hata sokoni naenda mara moja kwa juma. Na ninyi vijana mnaweza kunicheka, lakini pia sikutaka kumshtaki mtoto wa mama yangu. Papa Zakaria hakubishana. Aliinuka akaingia ofisini kwa Patron bila kugonga, kitu ambacho hakikuwahi kutokea, na mlango akauacha wazi.

"Patron, kitabu chako kinafukuza musahihishaji wako mu nyumba."

"Kitabu hakifukuzi mtu, Zakaria. Kinaeleza desturi."

"Basi desturi iko inabeba godoro ya Jeneroza nje. Uende uieleze pale."

Nilitamani mashine ile kuukuu inimeze. Patron hakusema atakuja. Aliuliza tu kikao cha ukoo cha kuamua jambo hilo ni lini.

Kikao kilikuwa Jumapili baada ya misa, uani kwangu, yaani uani kwa nani, ndilo lilikuwa swali. Baba mdogo Severini, mdogo wake baba, alikuja kutoka Muramvya, milimani, kukiongoza. Alisema Kirundi tupu, nawageuzia. Walikuwepo binamu kadhaa na jirani mmoja mtu mzima. Niliwapa vinywaji, nikakaa kwenye mkeka, na moyoni nilikuwa nikihesabu ni vyombo gani ni vyangu na vipi ni vya mama.

Evariste akasimama na kitabu, akaanza kusoma. Jamani, alisoma vibaya! Alikimbia kama mtu anayefukuzwa na mvua, akaruka mstari mzima.

"Umeruka," nikasema.

"Nini?"

"Umeruka mstari. Baada ya 'mtoto wa kiume' kuna 'aliye hai na mwenye akili timamu'."

Ndiyo. Nilimsahihisha mtu aliyekuwa akinifukuza. Binamu wakacheka mpaka mmoja akamwaga bia. Evariste akarudi juu, akasoma mstari wake, na kwa msaada wangu hoja yake ikawa kamili, haina tundu. Baba mdogo aliitikia kwa kichwa, kwa heshima.

"Kitabu kimesema vizuri," alisema. "Binti yangu, nakuhurumia. Lakini imeandikwa na watu waliosoma."

Hapo ndipo Patron alipoingia, na koti na kofia, joto lile. Akasalimia kila mtu kwa zamu, mikono miwili, akapewa kiti. Jirani alimtambua kutoka picha ya nyuma ya kitabu, akanong'ona, na minong'ono ikazunguka ua. Baba mdogo akampa kitabu kwa mikono miwili.

"Ni wewe uliyekiandika?"

"Ni mimi."

"Basi tusomee mwenyewe, tufunge kikao, watu wana safari."

Patron alikiweka kitabu gotini bila kukifungua. "Mzee Severini, nakuuliza kama mtu anayeuliza. Marehemu kaka yako alisema nini juu ya igiseke?"

Kwa ninyi mliozaliwa na simu mkononi: igiseke ni kikapu. Lakini wazee walikuwa na maana nyingine. Baba angeweza kusema mbele ya watu kwamba binti yake akipatwa na shida, akirudi, ana sehemu yake ya kukaa na kulima maadamu yu hai. Si mali yake ya kuuza. Ni kikapu alichowekewa. Mimi mwenyewe neno lile nilikuwa nimelisikia kwa bibi yangu, likalala huko.

Baba mdogo aliweka kinywaji chake chini. Kisha akasema, "Igiseke haimo kwenye kitabu."

"Najua haimo. Nauliza kaka yako alisema nini."

"Alisema." Sauti ilikuwa imeshuka. "Huyu alipofiwa na mume, kaka alinijia Muramvya. Tulikuwa na jirani zangu wawili. Akasema, 'Jeneroza asilale kwa watu. Nyumba ile imweke maadamu yu hai.' Nilimsikia vizuri."

"Na mbona hujasema tangu asubuhi?"

Vijana, jibu lake nalisikia mpaka leo. Hakuwa mwongo wala hakuwa amehongwa. Alimtazama Patron kwa mshangao wa kweli.

"Si mmeifuta?" alisema. "Nilisomewa kitabu chote huko kwetu, igiseke haikutajwa. Nikasema basi, wenye kujua desturi wameiondoa."

Patron alikigeuza kitabu, akaitazama picha yake ya nyuma. Mtu aliyeishi ili kitu cha zamani kisipotee alikuwa ameambiwa kwa adabu zote kwamba yeye ndiye aliyekipoteza. Na mzee aliyemwambia alikuwa mzee wa milimani hasa, wa namna ile ambayo Patron aliiandika kwenye kila ukurasa.

"Haijafutwa," alisema. "Nilifupisha. Nilitaka kitabu kiingie mfukoni."

"Kwa hiyo kitabu kimesahau," akasema Evariste.

"Mimi nimesahau."

"Na mi nimekinunua na pesa yangu!" Evariste alikuwa karibu kulia, na hakuna aliyecheka. "Watoto wangu wanalala juu ya mabalo, Muzee. Nilisoma kitabu yako mara kumi. Nikasema, sasa kuna mutu ameandika kitu inanisaidia."

Patron alisogeza kiti karibu naye. Waliongea mpaka jua likaanza kuinama. Mwisho baba mdogo aliamua kama alivyosikia kwa kaka yake: nakaa maadamu niko hai; nikiondoka nyumba inarudi kwa Evariste na wanawe. Na chumba cha mbele kinachotazama barabara, Evariste afungue duka la mitumba, alipunguze lile balo kitandani. Nikapata nyumba isiyo yangu na kaka anayepiga kelele za bei mlangoni kwangu kuanzia asubuhi. Nilishukuru kwa vyote viwili.

Jumatatu Patron aliniita. Kitabu kilikuwa kinakaribia kuchapwa upya. Nilidhani ataniambia tayari ameandika ukurasa wa igiseke. Hakuwa ameandika.

"Mama Jeneroza, ile ni zawadi ya baba," alisema. "Nikiichapa, itakuwa sheria. Zawadi iliyochapwa si zawadi tena. Kila ndugu ataipima kwa rula."

"Patron, umewafundisha watu kuamini karatasi. Sasa unataka waamini mdomo?"

"Nataka waamini wazee wao."

"Wazee wao wanakuamini wewe. Si umeona?"

Alikaa siku kadhaa na jambo lile. Mwishowe akaandika ukurasa, mzuri, mfupi: kwamba igiseke ipo, na kwamba ni lile neno ambalo baba analisema mbele ya mashahidi. Tuliusoma kwa sauti mara mbili, mimi na Papa Zakaria. Haukuwa na kosa hata moja. Nilirudi nyumbani nikipaa.

Toleo lile lilikuwa halijamaliza misimu miwili ya mvua, mwanamke mmoja wa Kinama alifika Mezoni akipita katikati ya vitenge, toleo jipya mkononi. Baba yake alikuwa amekufa ghafla, barabarani. Hakusema lolote mbele ya yeyote. Kabla ya hapo kaka zake walikuwa wakisitasita, wanamwacha akae, wanaona aibu. Sasa walikuwa na ukurasa. Mashahidi wako wapi? Hakuna? Toka.

Patron alimsikiliza mpaka mwisho. Alikwenda naye Kinama mwenyewe, akaongea na ndugu zake, safari hii hawakumsikiliza. Kitabu chake walikuwa wanakijua kuliko yeye. Aliporudi alivua kofia.

"Nisipoandika, wanasahau," aliniambia. "Nikiandika, wanaufunga mlango kwa ufunguo."

Msahihishaji huona kilichopo kwenye karatasi. Kisichokuwepo hakuna rula ya kukipima, na hilo Papa Zakaria hakunifundisha, maana naye hakulijua. Nawaambia ninyi kwa kuwa mashine zenu pia hazitalijua. Mtu akiwaletea kitabu kinachosema "hivi ndivyo tulivyo", sahihisheni mikato, mlipwe mshahara wenu, kisha nendeni mkamwulize mtu mzima mmoja: ni nini hakimo humu? Patron alianza kufanya hivyo uzeeni. Alisafiri milimani akiwauliza wazee, akarudi na mambo mengi, na kitabu kikanenepa mpaka hakiingii mfukoni, na watu wakaacha kukinunua. Walikitaka kile chembamba. Bado wanakitaka, nasikia kinatolewa fotokopi. Patron alifariki, Papa Zakaria alirudi Uvira kuzeekea kwa watoto wake, na nyuma ya duka la vitambaa sasa wanatengeneza simu.

Duka la Evariste lilikwenda vizuri. Tulizeeka tukigombana kwa ukuta mmoja katikati, yeye na bei zake, mimi na sufuria zangu. Mwaka juzi binti yake Klodeta, mkubwa kati ya wasichana, alirudi kutoka kwa mumewe na jicho limevimba, akasema harudi tena kule. Kaka zake, wanangu wale niliowapa uji, wakaanza kuulizana atakaa wapi na kwa muda gani. Jumapili moja Evariste aliingia kwangu, akakaa, akaomba chai mwenyewe.

"Dada, ile kitu inafanywa namna gani?"

"Kitu gani?"

"Usinichekee. Igiseke."

"Kitabu si unacho?"

"Ninacho. Sikitaki. Niambie baba alisimama namna gani."

"Sikuwepo, Evariste. Uliza Muramvya."

"Muramvya wamekufa wote."

Basi tulikadiria. Aliwaita wanawe wote, majirani wa pande mbili, mchungaji aliyekuwa akipita akitafuta suruali. Akasimama uani akiwa amevaa koti la mtumba lenye lebo bado shingoni, akasema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika kwamba nyumba hii yenye shangazi ndani yake, shangazi akiondoka, Klodeta anakaa. Maadamu yu hai. Mwanawe mkubwa akauliza, na baada ya Klodeta?

"Baada ya Klodeta utamuuliza Klodeta," akasema Evariste. "Mi nitakuwa nimelala."

Mchungaji akasema amina, akauliza bei ya suruali.

Klodeta amehamia na godoro, redio na tabia ya kuweka chumvi mara mbili. Ananibadilishia mahali pa vikombe. Mimi niliyependa kukaa peke yangu nimekuwa na mtu wa kuniuliza kila asubuhi kama nimelala vizuri, na lazima nijibu. Anafanya kazi kwenye farmasi mjini. Akitoka, mimi nikiwa bado kitandani, namsikia akifunga mlango kwa ufunguo wake mwenyewe, aliochongesha bila kumwomba mtu ruhusa.